Betri ya Bwana Okwera

SURA YA TISA

Olweny alikataa tena.

Konstebo alikuwa amekwisha fungua kibweta cha wino na kukisukuma mpaka ukingoni mwa meza. Karatasi ya maelezo ilikuwa tayari, imepigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba Olweny, dereva wa Bwana Okwera, ndiye aliyeendesha gari lililomgonga na kumuua muuguzi Moreen chini ya kilima cha Mulago, mwezi wa mfungo, usiku ule umeme ulipokatika. Ilikosa kitu kimoja tu. Kidole.

"Weka hapa tumalize, mzee," konstebo akasema. "Gari la mahakamani linakuja baada ya chakula."

Olweny alikunja kidole gumba cha kulia, akakifunika kwa vile vinne vilivyobaki, ngumi akaiweka juu ya goti. Tangu wamkamate juzi alikuwa hivyo. Alikula kwa mkono wa kushoto na kulala na ngumi chini ya kidevu.

"Wenzako selo wanasema umepooza," akamwambia Sajini Aciro, mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Waseme. Mtu akilala anaweza kubandikwa wino asijue. Mimi ni mtoto wa barracks, nimekulia kambini kwa askari, afande. Niliyaona hayo."

"Hata mimi ni mtoto wa barracks."

"Basi unajua kwa nini nimefunga mkono."

Aciro alimtuma konstebo akanywe chai. Akavuta kiti, akakaa.

"Nieleze tena usiku ule."

"Nilimpa bosi ufunguo Bukoto, pale getini, umeme umekwisha zima. Akasema anatoka mwenyewe. Nikaenda kwangu kwa miguu. Asubuhi gari hakuna, ananiambia liko gereji, linabadilishwa mafuta. Linarudi na taa mpya ya mbele. Nikauliza taa imefanya nini, akasema jiwe. Mimi nani nibishane na jiwe?"

"Yeye anasema hakutoka. Alikaa gizani anaandika ripoti kwenye laptopu mpaka umeme ukarudi."

Olweny akacheka kwa pua. "Laptopu gani?"

"Ile ya kijivu. Iko chumba cha vielelezo."

"Hiyo? Hiyo ni mgonjwa wa dripu, afande! Chomoa waya, imekufa. Hata garini alikuwa anaichomeka kwenye kile kifaa nilichomfungia karibu na gia. Nikiingia shimo, waya ukachomoka, ninatukanwa mimi na mama yangu. Sasa giza zima lile aliandika na nini? Kwa maombi?"

Aciro aliinuka. Alikifunika kibweta cha wino, akakitia mfukoni mwake, akatoka nacho.

*

"Anadanganya," alisema Afande Guerschom, mkuu wa upelelezi wa kituo kile. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, ila alipenda kazi iishe. "Hiyo laptopu niliipima mimi mwenyewe. Niliichomoa waya, nikaiweka hapa mezani, ikanionyesha mpira mechi nzima. Na dakika za nyongeza. Na penalti. Nilichoka mimi, yenyewe haikuchoka."

"Aliileta lini, afande?"

"Siku ya pili. Tulipomfuata nyumbani kwa habari ya gari, alisema ameiacha ofisini. Kesho yake akaileta kwa miguu yake. Mtu mwenye hatia atafanya hivyo?"

"Na betri?"

"Alinunua Nairobi mwaka jana. Imo katika maelezo yake." Guerschom akavua miwani. "Aciro, usinichoshe. Unamtetea yule mzee kwa sababu ni mtu wa kwenu kaskazini."

"Okwera naye ni mtu wa kwetu, afande. Wa karibu kumshinda Olweny. Baba yake na baba yangu walisimama foleni moja ya posho."

"Basi?"

"Basi, kama ni kutetea watu wa kwetu, sijui nianze na nani. Nipe nafasi mpaka gari la mahakamani lije."

"Kielelezo hakitoki hapa."

"Hakitoki."

"Na ukirudi mikono mitupu, karatasi ile utaisindikiza wewe, ikiwa na kidole."

"Kidole hakitawekwa, afande. Labda akatwe."

Alisema hayo amesimama wima, kisha akapiga saluti safi kuliko zote alizowahi kupiga katika chumba kile. Guerschom alitafuta kosa ndani ya saluti hiyo, akalikosa.

Katika chumba cha vielelezo Aciro alivaa glavu, akaitoa laptopu kwenye mfuko wake. Juu haikuwa na neno, ila stika ndogo pembeni iliyochakaa: HERITIER, BUKOTO, TUNAPONYA MASHINE. Akaigeuza. Tumboni kulikuwa na skrubu pande zote, na juu ya kichwa cha kila skrubu palitonwa tone la rangi ya kijani inayong'aa. Alisogea karibu. Ilikuwa rangi ya kucha. Tone lilikaa nusu juu ya skrubu, nusu juu ya bati, na hakuna hata moja lililopasuka.

Akapiga picha kwa simu. Akairudisha laptopu mahali pake.

*

Duka la Heritier lilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa, jirani na soko la Bukoto. Mwenyewe alikuwa kijana mnene wa Bukavu, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni kama daktari.

Aciro alianza kwa kumsifu. "Betri uliyomwekea Bwana Okwera ni kali. Mkubwa wangu ameitazamia mpira mpaka penalti."

Mwingine angemeza sifa ile. Heritier alirudi nyuma hatua moja.

"Betri? Mama, hapana, hiyo usinitupie. Mimi nilimtilia kibodi tu, mwaka jana. Mashine ilikunywa chai. Chai ya maziwa, kikombe kizima! Nilifungua, nikakuta chai imeteremka mpaka kwenye betri, imekauka, inanata. Nikamwambia, patron, hii betri imezeeka, imeanza kuvimba, tuiondoe. Akaniambia, si inawaka ikiwa na waya? Funga."

"Ukafunga."

"Nikafunga. Ningefanyaje, mashine si yangu?"

Aciro alimwonyesha picha. "Na rangi hii?"

Heritier akacheka mpaka kalamu zikacheza. "Sasa umekuja kwa mwanaume unamuuliza rangi ya kucha! Hiyo si yangu. Hiyo ni muhuri wa Rumaisa, Old Kampala, kule chini ya msikiti mkubwa. Akifunga mashine anatia rangi, ili mtu asiifungue nyuma yake halafu amletee lawama. Lakini mama, ukienda pale nenda na moyo. Yule hana adabu kwa serikali."

*

Rumaisa alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ya baibui ameibana kwa vibanio vya nguo, kioo cha kukuzia kimekaa juu ya paji la uso kama jicho la tatu. Watu wake walikuja na misafara kutoka pwani, zamani za mababu, wakafungua maduka, hawakurudi tena. Yeye alifungua lake la kutengeneza kompyuta baina ya muuza vitambaa na muuza ubani.

Aliona buti za Aciro kabla ya kumwona Aciro.

"Hakuna mashine ya wizi hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Na kama umekuja kuchukua za wateja kwa jina la uchunguzi, zile mlizochukua mara ya mwisho mpaka leo zinachunguzwa. Zimekwisha pata shahada sasa."

"Sikuja kuchukua mashine."

"Umekuja kuchukua nini? Soda?"

"Nimekuja kumtoa mtu ndani. Dereva. Anapelekwa mahakamani leo kwa mauti ambayo nadhani hakuyasababisha yeye."

Bisibisi ya Rumaisa ikasimama. "Sasa si ungeanza na hilo? Kaa. Si pale, hapo pana gundi."

Aciro akampa simu. Rumaisa alishusha kioo machoni, akaitazama picha kama mtu anayetazama mwandiko wake.

"Yangu."

"Unapaka kucha, dada?"

"Wapi! Na udhu nitatiaje? Kucha zangu ni hina tu. Rangi hii ni ya skrubu peke yake. Muuza vitambaa hapo jirani akaniona nanunua, akamwambia mume wangu nimepata mwanaume."

"Na kwa nini kijani?"

"Kwa sababu Idd imepita." Alimwona Aciro hajaelewa. "Dhamana yangu ni kutoka Idd ndogo hadi Idd ndogo. Risiti watu wanapoteza, wanakuja na viapo. Mimi sitaki kiapo cha mtu. Kila Idd nabadilisha rangi. Mwaka uliopita ilikuwa nyekundu. Siku ya Idd nikatupa chupa, nikafungua ya kijani. Ukija na nyekundu leo, dhamana imekufa, usinililie. Ukija na kijani, nitakuhudumia bure."

Aciro alihesabu siku. Moreen aliuawa ndani ya mfungo. Watu waliomwokota walikuwa wakitoka kusali tarawehe. Polisi walilifikia gari la Okwera baada ya Idd.

"Kwa hiyo mashine hii umeifungua baada ya Idd."

"Baada ya Idd. Na mwenyewe namkumbuka. Bwana mrefu, suti, jasho jingi. Wiki hii hii. Nilichomoa waya kwanza nipime, ikazima hapo hapo kama mshumaa umepulizwa. Akatoka nje kupiga simu, mimi nikafungua. Subhanallah! Betri imevimba kama chapati kikaangoni. Imeinua mpaka pale unapotelezeshea kidole. Nikaitoa polepole, nikaizika mchangani, nikamtilia mpya."

"Mchangani?"

Rumaisa akaonyesha kwa mguu ndoo ya bati mlangoni, imejaa mchanga. "Iliyovimba huwezi kuiacha juu ya meza. Inaweza kuwaka bila kuaga."

"Sasa kwa nini unamkumbuka? Wateja ni wengi."

"Kwa sababu alidai betri yake kuukuu." Rumaisa alisema hivyo kama anayetaja mtu aliyeingia msikitini na viatu. "Afande, hakuna anayedai betri kuukuu. Wanatukimbia tusiwabebeshe! Mafundi wote hapa tunabaki nazo, zenye seli nzima tunazichomoa tunatengenezea taa. Yeye alisimama hapo hapo. Nipe yangu. Namwambia, ni ya hatari, ukiibeba ikawaka kwenye gari, jina la nani litaitwa? Langu. Akapandisha sauti. Nami nikapandisha ya kwangu."

"Ukampa."

"Nilimpa betri." Kwa mara ya kwanza Rumaisa akatabasamu. "Si yake. Hakuwahi kuiona, alikuwa nje na simu. Nikachukua mfu mmoja hapo kwenye boksi, bapa, salama, nikamfungia kwenye gazeti. Akashukuru sana. Nimekosa?"

"Na yake?"

"Imo. Nani atanunua seli zilizovimba?"

Aciro akapiga hatua kuelekea kwenye ndoo. Rumaisa akaweka mguu mbele yake.

"Ndoo yangu haipandi gari la polisi bila mimi. Nikiwaachia, nayo itapata shahada."

*

Gari la mahakamani lilikuwa limekwisha fika uani. Ofisini mwa Guerschom, Olweny alikaa benchi la ukutani, pingu mkono wa kushoto, ngumi ya kulia imefungwa vile vile. Bwana Okwera alikaa kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu. Aliitwa kuthibitisha maelezo yake na alikuwa na haraka. Laptopu ilikuwa mezani.

"Maswali machache, afande," Aciro akasema. "Yaandikwe."

Guerschom akatazama saa, akamwashiria konstebo aandike.

"Bwana Okwera. Betri hii ulinunua wapi?"

"Nairobi, mwaka jana. Nimekwisha sema."

"Tangu hapo mashine imefunguliwa?"

"Haijafunguliwa. Vitu vyangu natunza."

"Na betri ya zamani?"

"Niliwaachia huko huko Nairobi. Mtu atafanya nini na betri kuukuu? Dada yangu, tumekua pamoja, mbona unanihoji kama mwizi wa kuku?"

"Sikukulia nawe mezani hapa, bwana. Hapa mimi ni sajini." Akafungua mlango. "Karibu, mama."

Rumaisa aliingia na ndoo yake, akaitua sakafuni kwa kishindo. Okwera alimwona. Mguu uliokuwa juu ukashuka. Lakini alikuwa mtu wa kuzoea mikutano, akajikusanya mara moja.

"Simjui huyu."

"Usinijue," Rumaisa akasema. "Kijani changu kinakujua." Akageuza laptopu, akamwonyesha Guerschom matone, akamweleza habari ya Idd na Idd, chupa nyekundu na chupa ya kijani. Hakusema afande hata mara moja.

Guerschom alipitisha ukucha juu ya tone. "Hii inaonyesha ilifunguliwa baada ya Idd," alisema taratibu. "Haionyeshi betri ilikuwa mbovu kabla yake. Labda alikwenda kusafishiwa vumbi."

"Ndiyo! Vumbi," Okwera akadaka. "Sasa nakumbuka. Vumbi tu."

"Sasa hivi tu ulisema haijafunguliwa," akasema Aciro.

"Nilisahau. Mtu anasahau vumbi."

Aciro akamtazama Rumaisa. Rumaisa akavaa glavu nene, akaingiza mikono mchangani, akatoa kitu cheusi kilichofura pande zote mbili, akakilaza juu ya sahani ya bati aliyokuja nayo. Konstebo alisogeza kiti chake nyuma.

"Hii ndiyo niliyoitoa ndani ya mashine yake," alisema.

Okwera akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona mlango wazi.

"Afande, tazama mchezo huu! Wameokota takataka za mjini. Hiyo si betri yangu. Yangu haikuvimba hata kidogo. Ilikuwa bapa, nzima, niliishika kwa mkono wangu, nikaitupa—"

Konstebo aliendelea kuandika, kalamu ikakwaruza karatasi mpaka mwisho wa sentensi, ikasimama.

"Uliitupa wapi, bwana?" Aciro akauliza. "Si uliiacha Nairobi?"

Okwera akalegeza tai.

"Hebu niseme mimi. Uliyoitupa ilikuwa kwenye gazeti. Bapa, nzima. Ilikuwa ya mashine ya mtu mwingine. Huyu mama alikataa uende na yako isije ikakuunguza. Alikuonea huruma."

"Ni maneno tu," Okwera akasema, lakini kwa sauti ya chini. "Betri ni betri. Thibitisha kwamba ile ni ya hii."

"Afande," Aciro akamwambia Guerschom, "toa ruhusa mashine ifunguliwe mbele yako."

Guerschom alikuwa akikumbuka penalti. Halafu akasogeza laptopu mbele ya Rumaisa kwa mikono yake miwili.

Matone ya kijani yalipasuka moja moja. Bati la chini likatoka. Ndani, kwenye fremu, kando ya betri mpya, palikuwa na doa la kahawia lililokauka, limeteremka kutoka chini ya kibodi, likakatika ghafla pale betri mpya ilipoanzia. Rumaisa akaichukua betri iliyovimba kwa ncha za vidole, akaishika juu ya nafasi yake bila kuigusisha. Doa la kahawia liliendelea. Lilitoka kwenye fremu, likapita juu ya betri kuukuu, likamalizikia upande wa pili, kama njia iliyokatwa na mto.

"Chai ya maziwa," Aciro akasema. "Mwaka jana, kikombe kizima. Fundi aliyeiona yuko Bukoto, atakuja kusema."

Kutoka benchini Olweny alisema, "Alinitukana mimi kwa chai ile. Eti niliendesha vibaya."

Guerschom aliinama juu ya laptopu, akatazama doa kwa muda mrefu.

"Mimi nilipima betri," akasema. "Usiku ule sikuupima." Akainuka. "Bado haijaonyesha nani alishika usukani."

"Haijaonyesha, afande. Lakini mtu aliyekuwa nyumbani kweli hahitaji kujinunulia ushahidi. Gereji iliyobadili taa nitaifuata leo. Ninachokataa ni karatasi ile."

Guerschom aliichukua karatasi ya maelezo, ile iliyokosa kidole. Akaichana vipande viwili, kisha vinne. Akatoka mpaka barazani, wakamsikia akimwambia dereva wa gari la mahakamani arudi, leo hakuna mtu. Aliporudi alimnyooshea konstebo mkono kwa ufunguo wa pingu.

"Mfungue mzee. Bwana Okwera, wewe utabaki."

"Nitampigia wakili wangu."

"Piga. Simu yako ina betri?"

Aciro alivuta karatasi nyeupe, akaketi mbele ya Olweny, akaandika kwa mkono wake: ufunguo getini, kutembea kwa miguu, gari lililopotea, taa mpya, jiwe, waya wa garini. Alipomaliza akamsomea, neno kwa neno. Olweny alisikiliza amefumba macho. Mahali pamoja akamsimamisha.

"Hapo pa jiwe. Andika kwamba sikuamini."

Akaandika. Kisha akatoa kibweta cha wino mfukoni, akakifungua, akakiweka baina yao.

Ngumi ilichukua muda kufunguka. Vidole vilikuwa vimekakamaa, ikambidi avinyooshe kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kimekunjamana na kupauka, kama kitu kilicholowa siku nyingi. Olweny alikitia wino, akakibandika, akaegemeza uzito wake wote mpaka meza ikalia.

Alipokiinua, Aciro alifunua karatasi ile. Wino ulikuwa umepenya mpaka karatasi ya chini yake.

"Leta nyingine," Olweny akasema. "Nitie kidole tena."